Bwawa Linalokaa Tupu na Kazi Yake



Mwanachama mwenzetu mmoja alikwenda Maskati kumtazama dada yake. Aliporudi alipita ofisini kusalimia, na baada ya salamu akaleta swali. Alisema hivi: "Nimeonyeshwa ukuta wa bwawa, mkubwa kama kilima, uliojengwa kwa fedha nyingi. Nikapanda juu nitazame maji. Hapana maji! Ni changarawe tupu, na mbuzi wanakula miiba ndani yake. Na wenyewe wanalisifu bwawa hilo kwamba linafanya kazi nzuri. Kazi gani hiyo?"

Waliokuwapo walicheka, lakini swali lile lilikuwa la maana kuliko kicheko chetu, na hapana aliyeweza kulijibu vizuri siku ile. Tumeona yafaa tulijibu hapa, kwa kuwa jambo lenyewe latuhusu na sisi wa visiwani, na lawahusu zaidi ndugu zetu wa bara wanaokaa chini ya mito mikubwa.

Maji ya juu humwendea nani?

Tuanze safari yetu Mlowo. Anayekwenda Tunduma kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita mji huo, ulio katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Mbozi ni nchi ya juu, yenye baridi, na wakulima wake wanaitegemea kahawa kama sisi tunavyoitegemea karafuu. Wao kama sisi huiomba mvua, na ikizidi huiogopa.

Msafiri akitazama dirishani huona mashamba na maduka tu. Jambo asiloliona ni kwamba amefika katika nchi ambayo maji hugawana njia. Sehemu ya mvua inayonyesha katika nyanda hizi huteremka upande wa kaskazini mpaka Ziwa Rukwa. Sehemu nyingine huteremka upande wa kusini, ikaingia katika Mto Songwe unaogawanya Tanzania na Malawi, mpaka Ziwa Nyasa. (Uko mto mwingine wenye jina hilo hilo unaokwenda Rukwa; hapa tunasema ule wa Nyasa.) Mto huu una urefu wa kilomita 200 hivi, na nchi inayoulisha maji ni kama kilomita za mraba 4,200.

Nyanda za Mlowo ziko juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 1,300. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi. Basi maji yana mteremko mkubwa wa kukimbilia, na mwisho wa mteremko huo ni Kyela, nchi tambarare ya mpunga na kakao, na ng'ambo yake ni Karonga ya Malawi. Mto ukifika tambarare hupoteza mbio, hutua mchanga wake, hujaza njia yake mwenyewe, kisha hutafuta njia nyingine. Kwa hiyo Mto Songwe hufurika, na pia huhama. Mtu hulala shamba lake likiwa upande huu wa mpaka, na mto ukiisha kuhama shamba linaonekana upande wa pili.

Haya yote yatupa neno la kwanza la kulikumbuka: anayepata mafuriko aghalabu siye aliyenyeshewa na mvua. Mvua imenyesha juu, na nyumba imechukuliwa chini. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, wala mkondo hauulizi mwenye shamba ni nani.

Mafuriko ni nini khasa?

Watu wengi hudhani mafuriko ni wingi wa maji. Ni kweli kwa nusu tu. Maji yale yale yakipita kwa siku tatu, mto huyabeba bila ya kumdhuru mtu. Yakipita kwa saa sita, huvunja daraja. Udhia uko katika maji mengi kufika kwa wakati mmoja.

Tufikiri mfano wa kituo cha kununulia karafuu. Siku ya kwanza ya msimu wanafika wakulima 300 kwa pamoja, kila mmoja na gunia lake, na mizani ni moja. Kama kituo kina uwanja mkubwa mtupu, watu huingia uwanjani, hukaa chini ya mti, na mizani hupima mmoja baada ya mmoja mpaka jioni. Hapana aliyepotea, na barabara iko wazi. Lakini kama uwanja umejaa mbao na matofali ya mtu, wale watu 300 hawana pa kukaa. Watajaa barabarani, watasukumana, na karafuu zitamwagika. Idadi ya watu ni ile ile na mizani ni ile ile. Kilichobadilika ni uwanja tu.

Bwawa linalokaa tupu ni uwanja wa namna hiyo. Maji ya mvua kubwa ndio wakulima, na tundu lililo chini ya ukuta ndio mizani.

Hesabu yake

Tuweke tarakimu za mfano ili jambo lishikike. Tuseme mto mmoja mdogo, baada ya mvua kubwa, unaleta mita za ujazo 100 za maji kila sekunde, na unaendelea hivyo kwa muda wa saa 6. Jumla ya maji hayo ni mita za ujazo 2,160,000. Na tuseme mto huo, unapopita katika vijiji vya chini, unaweza kubeba mita za ujazo 40 tu kila sekunde bila ya kumwagika nje ya kingo zake. Bila ya kinga yoyote, mita 60 zilizobaki kila sekunde zitaingia mashambani na majumbani.

Sasa tujenge ukuta juu ya vijiji, mahali ambapo bonde ni jembamba, na chini ya ukuta tuache tundu la kupitisha mita 40 kila sekunde. Mita 60 zinabaki nyuma ya ukuta. Kwa saa 6 zitakusanyika mita za ujazo 1,296,000. Maji hayo yataenea katika uwanja wa kilomita moja kwa kilomita moja kwa kina cha mita 1.3 hivi. Mvua ikiisha kukatika, tundu laendelea kutoa mita 40 zile zile kila sekunde, na baada ya saa 9 uwanja umekuwa mtupu tena. (Kwa kweli tundu hutoa maji kwa nguvu zaidi bwawa likijaa, na kwa upole zaidi likipungua. Mafundi huliingiza hilo katika hesabu yao, lakini maana haibadiliki.)

Maji yaliyokuwa yapite kwa saa 6 yamepita kwa saa 15, na vijiji vimesalimika. Hapana tone lililopotea. Maji yamesubiri zamu yao, basi.

Sasa mwenzetu wa Maskati apate jibu lake. Lau angelikuta bwawa lile limejaa maji, basi mvua kubwa ikija siku ya pili isingekuwa na pa kukaa. Ingepita juu ya ukuta kana kwamba ukuta haupo. Utupu aliouona ndio uliolipiwa zile fedha.

Sehemu zake nne

Bwawa la namna hii lina sehemu nne, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni ukuta. Mara nyingi hujengwa kwa udongo ulioshindiliwa vizuri, safu juu ya safu. Ukuta wa udongo una maadui ambao mkulima awajua: mchwa, panya wachimbao mashimo, na mizizi ya miti. Kwa hiyo haifai kupanda mti wowote juu yake, hata uwe mwembe mmoja wa kivuli. Mti ukifa mizizi huoza, na mahali pa mzizi pakawa bomba la kupitishia maji. Majani mafupi yanatosha.

Ya pili ni tundu la chini. Katika mabwawa kavu ya asili tundu hili halina mlango. Li wazi usiku na mchana, kiangazi na masika, hata mto wa kawaida hupita bila ya kuzuiliwa, na samaki na matope hupita nao. Faida yake ni kubwa: hapana mtu wa kuamshwa usiku wa manane aje afungue, wala hapana ufunguo wa kupotea. Lakini tundu lataka chujio mbele yake la kuzuia magogo, na chujio lataka mtu wa kulisafisha kabla ya masika, na baada ya kila mvua kubwa.

Ya tatu ni uwanja wenyewe, yaani bonde lililo nyuma ya ukuta. Huu si lazima ukae bure. Waweza kulimwa na kulishia mifugo, maadamu mwenye kulima ajua kwamba mwaka mmoja katika miaka kadha maji yatakaa juu ya mazao yake kwa saa au kwa siku. Mpunga huvumilia. Muhogo huoza. Mkarafuu, kama tujuavyo, hautaki kusimama katika maji, wala haufai hapo. Kitu kisichofaa kabisa ni nyumba.

Ya nne ni njia ya maji ya ziada, ambayo mafundi wa bara huiita utoro. Hii hujengwa kwa saruji au kwa mawe, juu zaidi ya tundu na chini kidogo ya kilele cha ukuta. Kazi yake ni siku ile ambayo mvua imezidi hesabu zote. Maji yakipita juu ya ukuta wa udongo huukata kama kisu, na kwa muda mfupi bwawa zima huteremka kwa mkupuo. Utoro huyapa maji njia ya salama kabla hayajafika huko. Ukuta usio na utoro ni khatari kuliko mto usio na ukuta.

Walioanza zamani

Mfano ulio maarufu zaidi uko Marekani, katika bonde la Mto Miami, jimbo la Ohio. Mwezi wa Machi mwaka wa 1913 mvua kubwa ilinyesha juu ya ardhi iliyokwisha kushiba maji. Mto ukaingia mji wa Dayton na miji jirani, na watu zaidi ya 360 wakafa katika bonde lile. Wakazi walichanga fedha, wakamwita mhandisi Arthur Morgan, na mwaka wa 1915 ikaundwa mamlaka ya bonde zima. Ujenzi ulianza mwaka wa 1918, na mwaka wa 1922 mabwawa matano ya udongo yakawa yamekwisha, yote matupu, yote yenye matundu yasiyo na milango. Yalipimwa yaweze kukabili mafuriko kama yale ya 1913 na kuongeza asilimia 40 juu yake.

Tangu wakati huo mabwawa hayo yamezuia maji zaidi ya mara 2,000. Nyuma ya kuta zake watu hulima mpaka leo, na ardhi ile imefungwa kwa sheria isijengwe.

Lakini tusisome upande wa furaha peke yake. Wakulima wa juu walipinga sana. Walisema: "Kwa nini mashamba yetu yafunikwe maji ili mji wa watu wengine ukauke?" Mji mmoja mdogo, jina lake Osborn, ulikuwa ndani ya uwanja wa bwawa mojawapo, na mamia ya nyumba zake yakang'olewa yakahamishiwa mahali pengine. Walioko chini ndio waliolipishwa gharama za kazi hiyo, kila mmoja kwa kadiri ya faida aliyoipata. Huo ulikuwa uamuzi wa haki, na bila ya haki hiyo kazi isingekwisha.

Turudi Maskati. Mwezi wa Juni mwaka wa 2007 kimbunga kilichoitwa Gonu kiliipiga Omani, na watu karibu 50 wakafa. Mabonde makavu ya mjini, ambayo wenyewe huyaita wadi, yaligeuka mito mikubwa kwa siku moja. Baada ya msiba ule yakajengwa mabwawa ya kinga katika milima iliyo juu ya mji, khasa upande wa Al Amerat, na tangu hapo watu hupanda kuyatazama kama alivyofanya mwenzetu. Kabla ya hapo walikuwa na mabwawa ya namna nyingine, kama lile la Al Khoud la mwaka wa 1985, lenye ukuta wa kilomita 5 hivi, ambalo kazi yake ni kuyatuliza maji ya wadi ili yazame ardhini na kuvijaza visima. Hilo nalo hukaa kavu muda mwingi wa mwaka. Nchi yenye kiu kama Omani haikosi hamu ya kulimbika maji, na hata hivyo imekubali kuacha mabonde mengine matupu kwa ajili ya usalama.

Bwawa lenye kazi nyingi

Tumeacha wakulima wa Kyela na Karonga wakingoja. Kwa miaka mingi Tanzania na Malawi zimekuwa zikipanga pamoja kuutuliza Mto Songwe. Mwaka wa 2017 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde hilo. Katika mipango yake limo bwawa kubwa katika sehemu ya chini ya mto, linalokusudiwa kutoa umeme wa megawati 180 hivi, kupeleka maji ya umwagiliaji, na kuzuia mafuriko.

Ni mpango mzuri, na kila mtu atautakia heri. Lakini msomaji aliyefuata hesabu yetu ataona mara moja mahali penye utata. Bwawa la umeme hupenda kujaa, maana maji yakiwa juu mashine huzunguka kwa nguvu. Bwawa la umwagiliaji nalo hupenda kujaa, ili maji yapatikane kiangazi. Bwawa la mafuriko hupenda kuwa tupu. Wote watatu wamepewa nyumba moja.

Tena yafaa kuangalia majira. Nyanda za Mbozi na Ileje hupata mvua tangu Novemba. Kyela huja kupata mvua zake kali zaidi mwezi wa Aprili. Basi bwawa likiachwa lijijaze tu, litakuwa limejaa pomoni wakati ule ule ambao watu wa chini wanalihitaji liwe na nafasi.

Dawa ya jambo hili yajulikana. Huwekwa alama katika ukuta, na huandikwa kanuni kwamba mpaka tarehe fulani maji yasipite alama hiyo. Sehemu iliyo juu ya alama hubaki tupu kungojea mafuriko, na msimu wa mvua kubwa ukipita ndipo huruhusiwa kujazwa. Arthur Morgan, yule aliyejenga mabwawa matupu ya Ohio, mwaka wa 1933 akawa mwenyekiti wa kwanza wa mamlaka ya bonde la Mto Tennessee, na huko mabwawa ni ya umeme na ya mafuriko pamoja, na maji yake hupunguzwa kabla ya majira ya mafuriko. Basi jambo lawezekana. Lataka kanuni iliyoandikwa, na mtu mwenye moyo wa kuishika kanuni hiyo katika mwaka ambao umeme ni haba na kila mtu apiga kelele bwawa lijazwe.

Mkulima wa mpunga wa Kyela hataliona bwawa lile kila siku, lakini maisha yake yatategemea alama hiyo moja.

Ukuta unapogeuka adui

Tusidhani kila ukuta ni kinga. Tarehe 9 Mei mwaka wa 2018, huko Solai karibu na Nakuru, Kenya, bwawa la udongo la shamba lilipasuka usiku baada ya mvua nyingi, na watu zaidi ya 40 wakafa katika vijiji vilivyo chini yake. Hilo lilikuwa bwawa la kuweka maji, na lilikuwa limejaa.

Tarehe 29 Aprili mwaka wa 2024, huko Mai Mahiu, Kenya hiyo hiyo, maji yaliteremka alfajiri yakazoa nyumba na watu zaidi ya 45. Mwanzo watu walisema bwawa limepasuka. Ikaonekana kwamba halikuwa bwawa. Lilikuwa tuta la reli ya zamani, lenye kalvati chini yake ya kupitishia maji. Magogo na matope yaliziba kalvati, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, mpaka tuta likashindwa. Mtazame, ndugu mwanachama: ukuta upo, tundu lipo, uwanja upo. Ni bwawa kavu kamili, ila hapana aliyejua kuwa ni bwawa, kwa hiyo hapana aliyelisafisha tundu lake, wala halikuwa na utoro.

Na kwetu Tanzania twakumbuka Kilosa, mwishoni mwa mwaka wa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Mto Mkondoa ulilipasua tuta lililoukinga mji, maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli ya kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Tuta la kando ya mto hufanya kazi ya kuubana mto usitoke. Likiwa peke yake, bila ya nafasi huko juu ya kuyasubirisha maji, lachukua mzigo wote, na mahali pamoja tu pakilegea mji mzima umeingiliwa.

Mafunzo ya visa hivi vitatu ni mamoja. Ukuta ukisha kujengwa hauna likizo. Wataka mtu wa kuukagua kila mwaka, aandike alichokiona, na apewe fedha ya kutengeneza. Ujenzi hupigiwa ngoma, na ukarabati hauna ngoma. Ndio maana husahauliwa.

Kwetu visiwani

Mwanachama aweza kusema: sisi hatuna Mto Songwe wala milima ya Omani. Ni kweli. Lakini tuna masika, tuna vilima vya mikarafuu, na chini ya kila kilima pana bonde. Mabonde hayo ni viwanja vya kusubirishia maji tulivyopewa bure. Yamefanya kazi hiyo tangu kabla ya mikarafuu kuletwa.

Huko mjini Unguja tumeona mambo yanavyokuwa. Sebleni na Mwanakwerekwe ni mahali pa chini ambapo maji ya masika hukimbilia tangu zamani. Nyumba zilipojaa pembeni na ndani yake, maji hayakubadili desturi yao. Yalikuja vile vile, yakaingia majumbani na kufunika barabara. Watu husema maji yamewavamia, na kwa kweli maji yamerudi kwao.

Kwa hiyo tunawashauri wanachama mambo haya machache:

Kwanza, bonde linaloshika maji kila masika lisikatwe viwanja, hata likikaa kavu miaka mitano mfululizo. Lilimwe mpunga. Anayesema "hapa maji hayafiki siku hizi" amelinganisha miaka michache tu. Wazee wetu hawakutazamia kimbunga cha Aprili mwaka wa 1872, na kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Jambo la nadra si jambo lisilokuja.

Pili, kalvati zote zilizo chini ya barabara za mashamba zisafishwe kabla ya masika. Kila tawi liziandike zake, na kila moja iwe na mtu wake. Tumeona Mai Mahiu gharama ya tundu moja lililozibwa.

Tatu, katika mashamba ya mteremko, matuta ya kukata mteremko na majani yaliyoachwa chini ya miti hupunguza mbio za maji. Hayo husaidia mvua za kawaida. Mvua kubwa ikiikuta ardhi imekwisha kushiba, majani peke yake hayatoshi, na hapo ndipo bonde tupu hufanya kazi.

Nne, mtu asizibe kijito kwa ukuta wa kienyeji bila ya kumwita mhandisi. Ukuta wa futi sita uliojaa maji waweza kuua mtoto wa jirani aliye chini.

Tano, na hili ndilo zito, bonde likiachwa tupu kwa ajili ya wengi, mwenye bonde asiachiwe khasara peke yake. Wale wa Ohio walilipana kwa kadiri ya faida. Na sisi katika matawi yetu twaweza kukaa na kuzungumza ni nani anayeacha kujenga, ni nani anayesalimika, na nini apewe yule aliyeacha. Tusipozungumza, kila mtu atauza kipande chake kimoja kimoja, na siku moja bonde halipo.

Mwisho, tumrudie mwenzetu. Aliposikia maelezo haya alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata yeye analo bonde chini ya shamba lake, na mnunuzi amekwisha kulipima kwa hatua. Chini ya bonde hilo ziko nyumba kumi na moja. Alisema atalala na jambo lile kabla ya kutia saini. Twamwombea uamuzi mwema, na twawaomba wanachama wengine wenye mabonde ya namna hiyo wayatazame tena masika haya, maji yakiwamo.